Jina la Kantengwa Ukutani

Siku ya soko Kayanga, asiye na shughuli hupata shughuli, na mwenye shughuli hupoteza akili. Mutalemwa alikuwa nazo zote mbili. Alisimama juu ya ngazi mbele ya Ukumbi wa Mawe, kopo la rangi nyekundu amelibana kwa kiwiko, akiandika ukutani majina ya wanamuziki watakaokuja baada ya mauzo ya kahawa ya mwaka ule wa themanini na tano. Chini yake walipita watu na mikungu ya ndizi, mbuzi wakaidi, na akina mama wakibishana bei ya maharage kana kwamba wameahidiwa zawadi.

Ukumbi ule ulimzidi Mutalemwa kwa umri. Wakulima wa kahawa waliujenga zama za Mwingereza, jukwaa wakaliweka la mbao za mvule, na wazee wengi wa Karagwe walicheza dansi la kwanza la maisha yao pale ndani, kwa viatu vya kuazima. Wakati wa vita walilala humo watu waliokimbia kutoka Kyaka. Mtunza ukumbi, Mzee Anatory, aliwapa mapazia ya jukwaa wajifunike. Mapazia hayakurudi, naye hakuyaulizia.

Mutalemwa alipinda kidogo kumalizia herufi, tone la rangi likaponyoka.

"Wewe wa juu!" sauti ikaita. "Na mimi ni ukuta?"

Akatazama chini. Msichana mrefu alikuwa amesimama pale, gauni la rangi ya maziwa lenye kola, kitenge cha kijani kiunoni, na begani tone jekundu, la mviringo kabisa.

"Samahani sana, dada. Nilikuwa naangalia herufi."

"Basi herufi zako zina bahati."

Mutalemwa alishuka mbio na kitambaa chenye mafuta ya taa. Msichana akarudi nyuma hatua moja. "Usinipake hayo. Nitanuka kibatari mpaka Kimuli."

"Unatoka Kimuli? Mbali kote huko kufuata nini?"

"Waya za breki."

"Baiskeli yako ni ya aina gani?"

"Sina baiskeli."

"Waya za breki bila baiskeli?"

"Una maswali kama afisa wa mpakani," alisema, lakini alikuwa anacheka. "Ni nyuzi za inanga, ala yetu ya muziki. Zamani baba alizitengeneza kwa mishipa ya ng'ombe. Ng'ombe wetu walibaki ng'ambo ya mto."

"Sisi tunaiita enanga," alisema Mutalemwa kwa majivuno ya Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, aliyezaliwa nayo. "Na kwetu mpigaji ni mzee mwenye ndevu."

"Pole. Hujasikia bado."

Akainua macho akasoma ukuta wote, taratibu, midomo ikitikisika. Bendi ya Mwangaza wa Ziwa kutoka Bukoba. Kwaya ya Kilutheri. Taarabu kutoka Mwanza. Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe tu: Jumamosi, 31 Agosti.

"Huyu wa mwisho hana jina?"

"Hajapatikana. Mzee Anatory anasema anayefunga msimu lazima awe mtu wa kukumbukwa mpaka kahawa nyingine iive."

"Mtampata," alisema. Alipokuwa anaondoka alimwambia anaitwa Therese, na nyumbani Kantengwa. Mutalemwa alirudi juu ya ngazi akakosea kuandika hata neno Kayanga, jambo ambalo halikuwa limewahi kumpata.

Sasa, ili uelewe kosa alilokuja kulifanya, lazima uijue kazi yake. Miaka ile maduka yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Rangi ilikuwa ya kubahatisha, na karatasi kubwa za matangazo ulizisikia tu. Kwa hiyo Mutalemwa aliandika matangazo ya ukumbi kwenye mbao za masanduku ya chai. Mbao hizo zilipakiwa kwenye lori la Rwezaura, dereva aliyekuwa akizunguka kukusanya kahawa, zikatundikwa penye masoko mpaka Murongo. Lori lilitoka kila Jumanne. Ubao ukishaondoka umeondoka. Ndiyo maana Mutalemwa alizoea kuandika jambo kabla halijakamilika. Bendi ikisema labda, yeye aliandika ndiyo. Lori halisubiri.

Ubao wa Kimuli, hata hivyo, aliupeleka mwenyewe kwa baiskeli, wiki iliyofuata, Jumapili. Alimwambia Mzee Anatory kuwa anaogopa utavunjika kwenye lori. Mzee alimtazama, akasema, "Ndiyo, Kimuli ndiko mbao zinakovunjika sana."

Therese aliishi na baba yake na shangazi yake Mukabera, kwenye shamba la watu walilokuwa wakilitunza. Baba hakuwepo siku hiyo. Shangazi alikuwa anageuza kahawa kwenye jamvi uani, akampokea mgeni, akamkalisha kwenye kigoda, akaendelea kugeuza kahawa macho yakiwa kwake.

"Umekuja kuomba radhi kuhusu gauni?" Therese aliuliza.

"Nimekuja kusikia kama ni kweli hamhitaji ndevu."

Akaitoa inanga ndani. Ilikuwa ubao mrefu uliochimbwa katikati kama hori dogo, umekuwa mweusi kwa mikono ya watu, na waya mpya za breki zikimeta juu yake. Aliilaza mapajani. Aliimba kwa sauti ya chini mno, karibu na mnong'ono, kiasi kwamba Mutalemwa ilibidi asogee. Shangazi Mukabera aliacha kugeuza kahawa. Mutalemwa hakuelewa maneno yote, lakini alielewa kwamba kuna mtu anaita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, na kwamba ng'ombe hawaji. Alikuwa amesikia bendi kumi na tano kwenye ukumbi ule, na hakuna iliyomfanya aogope kukohoa.

"Baba alinifundisha kwa sababu kaka zangu hawapo," alisema Therese baadaye. "Tulipovuka mto kukimbia mwaka wa themanini na mbili niliibeba mgongoni, nimeifunga kwa kanga kama mtoto. Watu walinipisha wakidhani nina mwana."

"Umeshaipiga wapi?"

"Jikoni. Migombani. Msibani mara moja." Akafuta waya kwa upindo wa kitenge. "Sijawahi kupiga mbele ya watu waliokuja kwa ajili ya kusikiliza. Watu wakae, wanyamaze, wasiwe na lingine la kufanya."

"Ungepewa Jumamosi moja, ungeichukua?"

Therese alicheka, akatazama pembeni. "Ningeichukua. Lakini sisi mambo yetu ni ya polepole, mpenzi wa herufi. Ningelazimika kuongea na baba kwanza."

Mutalemwa alisikia 'ningeichukua', na alisikia 'mpenzi'. Yaliyobaki yalimpita kama upepo. Njia nzima ya kurudi alipiga kengele ya baiskeli bila kuwa na mtu mbele.

"Nimempata wa tarehe thelathini na moja," alimwambia Mzee Anatory.

"Amekubali?"

"Amekubali."

"Na wazazi?"

"Watakubali. Mzee, kesho kutwa ni Jumanne."

Akaandika. Alitumia rangi nyekundu ya mafuta aliyokuwa ameificha kwa kazi ya pekee, akaandika kwa herufi kubwa kuliko za bendi ya Bukoba: THERESE KANTENGWA WA KIMULI, BINTI KAREKEZI, NA INANGA YAKE. Ukuta wa ukumbi, kisha mbao nne za Omurushaka, Chonyonyo, Kimuli na Murongo, kwa maana ule wa kwanza wa Kimuli alitaka ubadilishwe, mpenzi wake apate mpya. Kwake yeye ile ilikuwa barua ya mapenzi, na dunia nzima aliipa nakala.

Simu ya ukumbi ilikuwa nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono, na ililia kwa nadra mpaka kuku walikuwa wakiishtukia. Alhamisi asubuhi ikalia.

"Mutalemwa, kwako," Mzee Anatory aliita. "Ni mwanamke, na hacheki."

"Haloo! Therese? Unaongelea wapi, mpenzi?"

"Misheni. Padre amenipa dakika tatu. Mutalemwa, umetuandika ukutani."

"Umeuona! Umeonaje ile rangi?"

"Umemwandika baba. Jina lake. Mpaka Murongo, watu wamemwambia, hata ng'ambo wanalisoma."

"Sasa si ndiyo heshima yenyewe? Therese, nilitaka watu wote..."

"Nisikilize! Mara ya mwisho jina la baba kuandikwa ukutani, tulikaa siku tatu tu. Siku ya tatu walikuja. Baba amesharudisha mbuzi wa watu. Anafungasha. Anasema Jumatatu tunaondoka."

"Mnakwenda wapi?"

"Kusikoandikwa. Nilikwambia niongee naye kwanza. Hukunisikia, au hukutaka?"

Waya ukavuma, ukakatika. Mutalemwa alizungusha mpini wa simu mara sita, akampata opereta wa Bukoba, akapata mtu wa kiwanda fulani, hakupata Kimuli. Alikaa chini kwenye ngazi za jukwaa. Alihisi aibu kwanza, kisha hofu, na hofu ikawa kubwa. Kumbe mkono wake, ule aliousifia tangu shule ya msingi, ulikuwa umemtimua mtu nyumbani kwake.

"Mzee," alisema, "nataka ndoo ya chokaa."

"Na onyesho?"

"Mzee, nataka chokaa."

Anatory hakubishana. Alimwongezea brashi kubwa.

Alianza na ukuta wa ukumbi. Kisha akafunga ndoo kwenye keria ya baiskeli akaenda Omurushaka. Chonyonyo alifika jua la utosi, na bibi mmoja aitwaye Adelgunda, muuza karanga chini ya ubao, akamshika mkono brashi ikiwa hewani.

"Unamfuta binti wa enanga? Kafa?"

"Hajafa, bibi. Nilimwandika bila ruhusa."

"Sasa mimi niliyekwisha kuazima viatu?"

Mutalemwa alipaka chokaa, akaendelea. Kimuli alifika siku ya pili, akakuta ubao umeshashushwa na kugeuzwa uso ukutani. Nyumba ilikuwa na mizigo mlangoni. Therese alikuwa amekaa juu ya gunia, inanga imefungwa kwenye kanga, na hakuinuka.

"Nimefuta mahali patatu," alisema Mutalemwa. "Umebaki ubao wa Murongo."

"Baba amekwenda mwenyewe kuufuta. Tangu alfajiri, kwa miguu."

"Therese..."

"Nenda, Mutalemwa. Ukitaka kuniambia kitu, kamwambie yeye."

Ubao wa Murongo ulitundikwa penye barabara inayoshukia mtoni, mahali ambapo kila mwenye sabuni, chumvi au kitenge cha magendo lazima apite. Mzee mwembamba aliyevaa koti kuukuu na kofia ya pama alikuwa mbele yake, anakwangua kwa kisu. Alikuwa amefaulu kutoa nusu ya herufi moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nisaidie, mwanangu. Aliyeandika hapa alitumia rangi ya kudumu."

"Ni mimi niliyeandika."

Karekezi alishusha kisu. Hakufoka. Mutalemwa angependa afoke.

"Binti yangu alisema una mkono mzuri," alisema. "Ni kweli. Yule wa ng'ambo aliandika kwa chaki, tena vibaya. Tulikuwa tumekula naye. Aliandika kwenye ukuta wa duka majina ya wageni wa kufukuzwa, langu likawa la nne. Watu walisoma, wakaninyamazia. Siku ya tatu wakaja na viberiti."

"Kwetu jina ukutani ni karamu, mzee. Sikujua kwamba kwa mwingine..." Akapiga goti kwenye vumbi, mbele ya wapita njia. "Nampenda binti yako. Nilitaka kila mtu ajue yupo. Sikuuliza kama ninyi mnataka kujulikana. Nisamehe."

"Simama, unachafua suruali. Chokaa iko wapi?"

Mutalemwa alitumbukiza brashi. Alikuwa amefika kwenye KANTENGWA pale mchuuzi mmoja, Yustus, mwenye masufuria kichwani, aliposimama akapayuka.

"Nyie! Mbona mnafuta? Tumeshapatana na Rwezaura atubebe! Mama yangu hajatoka nje tangu masika, magoti, lakini kwa enanga kasema atatoka!"

Karekezi aligeuka polepole. "Huyu Karekezi aliyeandikwa hapa, unamfahamu?"

"Simfahamu, mzee wangu."

"Ukimkuta utamfanya nini?"

Yustus alishangaa swali. "Nitamfanya nini? Mtu aliyemfundisha binti yake enanga, siku hizi? Nitamsalimu."

Gari moja likapita, vumbi likatua. Ndipo mzee alipovua kofia.

"Basi nisalimu," alisema.

Yustus alitua masufuria yote chini, akamwamkia kwa heshima akiwa ameinama, mikono yote miwili, akamuulizia na watu wa nyumbani. Ilikuwa salamu ya kawaida, ya kila siku, ndefu kidogo. Karekezi aliishikilia ile mikono muda mrefu kuliko desturi.

Mutalemwa alitoa mfukoni kifurushi cha majani ya mgomba chenye kahawa ya kutafuna, ile ambayo Mnyambo hampi mtu anayemtakia mabaya. Akampa kwa mikono miwili. Mzee aliitazama, akachukua punje mbili, akatafuna.

"Jina lifute," alisema hatimaye. "Sijawa na moyo huo. Tarehe iache."

"Niandike nini mahali pake?"

"Andika inanga. Mwenye masikio atakuja."

Jumamosi ya tarehe thelathini na moja, saa kumi, Ukumbi wa Mawe ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Bibi Adelgunda alikuwa mbele na viatu vyake vya kuazima. Mama yake Yustus alibebwa pamoja na kiti chake. Mutalemwa alimkuta Therese kwenye mlango wa nyuma ya jukwaa. Alikuwa amevaa gauni lile lile la rangi ya maziwa, limepigwa pasi, nywele amezichana juu, na begani tone jekundu liko palepale.

"Hukulitoa?"

"Lilikataa. Rangi ya kudumu." Hakutabasamu. "Bado nimekukasirikia, ujue. Uliniuliza kama nataka. Hukuniuliza kama naweza."

"Najua."

"Usiku ule tulipofungasha, sikulia kwa ajili ya nyumba. Nililia kwa kuwa ni wewe."

"Therese, sitaandika tena kitu chako mpaka uniambie andika. Hata kama lori linaunguruma mlangoni."

Ndipo alipotabasamu, kidogo, upande mmoja. "Nenda ukakae. Na usikohoe."

Alipiga kwa muda wa saa moja. Ukumbi ule uliozoea magitaa na vigelegele ulikaa kimya kama kanisa, watu wakaegemea mbele kuufuata ule mnong'ono. Alipofika kwenye wimbo wa ng'ombe, akawaita kwa majina, mmoja mmoja. Karekezi alikuwa mstari wa tatu, kofia magotini. Midomo yake ilikuwa inawaita pamoja naye.

Watu walipokuwa wanakunja viti, Mutalemwa alimwendea Therese.

"Nina swali. Na leo nitasubiri jibu."

"Lori?"

"Liende. Therese, utakubali kuolewa nami?"

Aliifunga inanga kwenye kanga bila haraka, fundo la kwanza, fundo la pili.

"Unajua nikikubali padre atafanya nini?"

Mutalemwa alikuwa Mkatoliki tangu ubatizo, lakini hakuwa amelifikiria. Matangazo ya ndoa. Majina yao mawili, na majina ya baba zao, ubaoni mwa kanisa, Jumapili tatu mfululizo, ili kila mwenye pingamizi ayasome.

"Jibu langu unalo, mpenzi," alisema Therese. "La baba kamuulize baba."

Mzee Anatory ndiye aliyekwenda kama mshenga, na kibuyu cha pombe ya ndizi. Posa ilikubaliwa kabla pombe haijafika nusu. Lakini lilipotajwa lile la ubao wa kanisa, Karekezi aliweka bilauri chini akaomba apewe siku ya kufikiri. Akafikiri siku nne. Siku ya tano alifika Kayanga mwenyewe, akamkuta Mutalemwa juu ya ngazi.

"Ile rangi nyekundu," alisema kutoka chini. "Ilibaki?"

"Ilibaki kidogo, baba."

"Basi katekista asiandike kwa kalamu. Andika wewe. Na jina langu lisomeke."

Jumapili ya kwanza mzee alifika kanisani kabla ya kengele, akasimama mbele ya ubao mpaka watu walipojaa. Wiki nzima hakulala vizuri, na shangazi Mukabera alikuta mzigo mmoja umefungwa nyuma ya mlango. Jumapili ya pili alifika tena mapema. Watu walikuwa wakisoma, wanamgeukia, wanampa hongera. Mzigo ukafunguliwa, blanketi likarudi kitandani. Jumapili ya tatu alichelewa, kwa sababu kila aliyekutana naye njiani alitaka kumsalimu kwa jina.

Wakafunga ndoa. Kesho yake asubuhi Mutalemwa na mkewe walikwenda kumshukuru padre, wakamkuta katekista Ildefonsi na koleo mkononi, amekuja kung'oa misumari ya tangazo. Karekezi alikuwa amesimama kati yake na ubao.

"Kuna tangazo jingine la kuweka hapa?"

"Leo hakuna, mzee."

"Basi liache kidogo," alisema Karekezi. "Bado nalisoma."